Mama wa Kidumu cha Maziwa

Hedwiga, niko Oldonyo Sambu kwenye posa ya kaka Ebenezer, natamani ardhi ipasuke inimeze. Ni baba mdogo Philemoni, mshenga wetu mwenye akili zake!

Tulipotea, simu ya wenyeji haipatikani. Tukamkuta mama kabeba kidumu cha maziwa. Nikamuuliza. Akaelekeza vizuri kabisa: "Mkipita kisima, kateni kushoto, geti la bluu..."

Hajamaliza, baba mdogo kapandisha kioo cha gari. Eti, "Mwanamke atajuaje njia? Tutafute mzee." ATAJUAJE NJIA, Hedwiga!

Wazee kawapata watatu. Wa kwanza kanyoosha fimbo mlimani, "Hapo tu." Wa pili fimbo bondeni, "Hapo tu." Wa tatu hajui lolote, ila mwanaume mzima aseme hajui? Naye "Hapo tu." Na baba mdogo anavyowashukuru sasa! Utadhani kaonyeshwa mbingu.

Masaa mawili baadaye: kisima, kushoto, geti la bluu. Anayetufungulia nani? Yule mama. Ndiye mama mzazi wa binti!

Kamtazama mshenga wetu, kauliza taratibu, "Karibuni. Mzee anayejua njia mlimpata?"