Povu la Maziwa ya Unga

Dada Leokadia, shikamoo. Huku kambini Ngara vumbi linaingia hadi kwenye sufuria.

Asubuhi mama mmoja mkimbizi alikataa kikombe cha maziwa nilichomkorogea mwanawe aliyekonda. "Haya yamelala, hayana povu," alisema. Kwao maziwa mapya hutoka kwa ng'ombe yakiwa na povu. Yangu ni ya unga. Mtoto hakuwa na nguvu hata ya kulia.

Nikakumbuka kahawa zenye povu unazowatengenezea wageni hotelini. Nikayapiga maziwa kwa mchapo wa mayai, nikagonga kikombe mezani mapovu makubwa yapasuke, likabaki povu laini, zito. Mama akalitazama, akapokea. Mtoto akanywa kidogo, akasinzia.

Msalimie shemeji, na mtuombee. Kikombe kiko hapa mbele yangu. Povu limeanza kushuka, na mtoto bado hajaamka.

Mdogo wako, Adela