Kidonge Kimoja, Matumbo Mawili

Jumanne, baada ya isha

Kumbe sikuwa mwongo. Mimi na mume wangu tunameza vidonge vilevile vya kushusha lehemu, yale mafuta ya kwenye damu, na tunakula sinia moja. Yake imeshuka, yangu imegoma. Muda wote huu ananituhumu kwamba nikienda Lugoba kwa dada nakula vya mafuta, na kila usiku hunikagua mdomo kuona kama nimemeza.

Leo daktari amemwambia, "Bakteria wa tumboni hutofautiana. Kwa mwingine huenda wanapunguza nguvu ya dawa. Mkeo nitambadilishia."

Tulipofika nyumbani mume wangu akasema, "Mama Zuhura, nilikushuku bure."

"Yameisha," nikamjibu.

Dawa hii mpya nayo ikigoma, sijui. Ila nimeimeza peke yangu chumbani, na hakuna aliyenikagua mdomo.