Jogoo Tuliyempeleka Ziwani

Mpendwa Mama,

Nakuandikia nimekalia gunia la mahindi kwenye foleni ya kinu hapa Cheptiret, nimechoka mpaka kalamu ni nzito kama jembe. Usicheke mwandiko. Huyu ndiye profesa wako wa darasa la sita, na kwa foleni hii yote hakuna mwingine anayeweza kuandika barua ndefu hivi. Hapo niache nijisifu kidogo, maana kujisifu kwingine kumeniishia.

Kuna jambo sikukuambia ukiwa hai.

Unakumbuka shule yetu ilipokwenda Nakuru kutazama ziwa la ndege wekundu? Ulinichemshia mayai manne ukayafunga kwa kitambaa chako cha kanisa. Mimi sikwenda, Mama. Mwalimu alinifuta kwenye orodha kwa sababu ya picha yake niliyochora ubaoni, na kosa langu ni kwamba ilifanana naye. Nikajificha kwenye mahindi kutwa nzima, nikala mayai yote, jioni nikarudi nyumbani nikitembea kama msafiri. Ukaniuliza nimeona nini. Nikakuambia ndege wamefunika maji kama blanketi jekundu, ukipiga makofi wanainuka wote jua linafichika, na mimi nilimshika mmoja mguu akanivuta hatua tatu.

Uliacha kumenya viazi. "Hatua tatu?"

Nikasema tatu.

Wakati huo tulikuwa bado kwa mzungu, wewe ukichuma maua yake ya pareto. Kila Jumapili ulimwona akipakia kikapu na bibi yake kwa gari, wakienda kutazama maji. Kutazama tu. Ulishangaa mtu anasafiri vipi na hakuna maziko, hakuna harusi, hakuna mgonjwa. Halafu bendera ikabadilika, mzungu akauza, watu wakaungana wakanunua. Siku ya kura ya kugawana mashamba ukatia mkono ndani ya kofia yake kuukuu aliyoiacha ukutani, ukatoa karatasi ya shamba letu. Wenzako walipiga vigelegele. Wewe ulinigeukia mimi.

"Sasa mimi ni mwenye shamba. Jumapili utanipeleka kwa wale ndege. Wewe unajua njia."

Nikasema ndiyo, najua.

Mzee Njoroge mwenye duka alikuwa akipeleka kabichi za soko la Jumatatu huko Nakuru, akatubeba kwa pikapu yake. Ulikuja na viatu vya kanisa, na jogoo mwekundu kwapani.

"Mama, huyo unaenda kumuuza?" akakuuliza Mzee Njoroge.

"Sijawahi kwenda kwa watu mikono mitupu, na sianzi leo."

Nikakuambia ziwa halina mwenyeji. Ukaniuliza, "Na wewe ulipokwenda, uliwapelekea nini?" Nikaanza kuhesabu kabichi. Unajua mimi nikiacha maneno nikashika hesabu ni ugonjwa.

Kwenye geti la mbuga askari alikuja akamwona jogoo, akatikisa kichwa.

"Mama, kuku haingii hapa."

"Haingii. Ni wako."

"Mimi si mwenyeji, Mama. Ni askari tu."

"Nani ametufungulia?"

"Ni mimi."

"Basi shika."

Akampokea kwa mikono miwili, kama padri na mtoto wa ubatizo. Kisha akatuambia kwa huruma kwamba ndege wamehamia ziwa lingine, hawajaonekana wiki nyingi.

Ulisema tuingie tu. Ufuo ulikuwa mweupe kwa magadi, maji yamerudi mbali, manyoya machache yanapeperuka. Mzee Njoroge, ambaye njia nzima ulimsimulia blanketi langu jekundu, akanipiga bega. "Kijana, blanketi lako limeenda kufuliwa."

Wewe hukucheka. Uliniuliza siku ile nilisimama wapi. Nikanyoosha kidole mahali popote, palipokuwa na kisiki kimekauka. Ukavua viatu vyako, ukaenda, tope likikumeza mpaka kwenye vifundo. Ukasimama pale.

"Hapa?"

"Hapo hapo, Mama."

Ukayatazama yale maji matupu muda mrefu. Uliporudi ulisema, "Wameenda kutembea. Pengine na wao wamepata shamba."

Juma lile tulilokuzika, kina mama wa kanisa walikaa jikoni kwako wakikusimulia. Mmoja akasema ulifika Nakuru, ukaona ndege kama blanketi jekundu, ukamshika mmoja mguu akakuvuta hatua tatu. Wote wakanigeukia mimi niliyekuwa nawe.

Nikasema, "Tatu."

Tangu siku hiyo nina uchovu ambao kulala hakuuondoi. Sijui kama uliniamini au ulinifunikia uongo wangu. Nimepalilia shamba lako lote nikijiuliza hilo, mstari kwa mstari, na mahindi hayajibu.

Kwa hivyo Jumapili iliyopita nilipanda tena juu ya kabichi za Mzee Njoroge. Nilibeba jogoo. Askari ni yule yule, amepata mvi kidogo. Alimtazama jogoo, akatazama nyuma yangu.

"Mama yuko wapi?"

"Amepumzika."

Akavua kofia kwanza, ndipo akampokea.

Safari hii walikuwepo, Mama. Sasa sikiliza ukweli. Si wekundu. Rangi yao ni kama maziwa ng'ombe akiwa na kidonda kwenye chuchu, yale uliyokuwa ukiwamwagia paka. Wananuka kuliko kibanda cha kuku, na kelele yao ni kama kina mama wa pareto wakingoja mizani. Nilivua viatu nikaenda pale kwenye kisiki uliposimama. Nikapiga makofi. Hawakuinuka. Wa karibu walisogea kidogo tu, kama watu wanaompisha mgeni kwenye benchi, wakaendelea kula.

Sikumshika yeyote. Nilisimama tu nikatazama, kama mwenye shamba.

Zamu yangu ya kusaga imefika. Pumzika, Mama, mahindi yako yamejaza gunia.

Ni mimi mwanao,
yule aliyekula mayai manne kwenye mahindi.