Okidi Mbili, Jina Moja

Jumanne, baada ya Isha

Kosa ni langu mwenyewe. Kwenye kikundi chetu cha wapenda maua ya okidi walisema wataalamu wa mimea wameunganisha majina ya aina mbili, kwa hiyo ile aliyoniachia marehemu mume wangu na ile niliyonunua Msata sasa zinaitwa jina moja. Nikafuta majina kwenye vibao vya vyungu vyote viwili, nikaandika hilo jipya.

Leo Bi Zuhura kaja kuchukua ile ya Msata niliyomwahidi. Nikababaika. Bila maua zinafanana.

“Shoga, nipe yoyote, si jina moja?” Akacheka.

Nikamwambia asubiri zichanue. Ya mume wangu hunukia, vipepeo wa usiku huijia. Nyingine hainukii.

Lakini moja imeanza kuoza mizizi. Namwomba Mungu isiwe ya mume wangu, na huku naiuguza kama ni yake.