Sekunde Nilizompunguzia Dada

Mpanda, Jumapili, Agosti 1996

Vumbi tangu asubuhi, na moshi wa mapori yanayochomwa. Sikwenda misa. Ningekaaje kanisani na hili moyoni?

Kwa miezi miwili nimemdanganya dada yangu.

Dada Skola alipata polio akiwa mdogo. Mguu wa kushoto ukabaki mwembamba, na tangu ana miaka mitano anatembea kwa magongo. Lakini majini hakuna aliyemuweza. Akiwa na miaka ishirini na tano alikwenda Dar kwenye mashindano ya walemavu, akarudi na medali. Wiki nzima aliivaa pale sokoni, anashona nguo za watu kwa cherehani yake ya mkono.

Sasa ana thelathini na tisa. Aliposikia timu inachaguliwa tena, akaniambia, "Deo, wewe utashika saa. Nakwenda."

Tukawa tunakwenda bwawani Misunkumilo, upande ambao viboko hawafiki. Yeye anaogelea mita hamsini, mimi nasimama ukingoni na saa.

Siku ya kwanza alitumia dakika moja na sekunde ishirini. Alikuwa mzito, mikono inachelewa kutoka majini. Aliponitazama nikaona hofu usoni mwake, na dada yangu si mtu wa hofu. Nikasema dakika moja na kumi.

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope.

Baada ya hapo nilishindwa kurudi nyuma. Kila wiki nilipunguza kidogo, na yeye, akiamini mazoezi yanamsaidia, akazidisha. Bega la kulia likaanza kumuuma. Jioni analichua kwa mafuta, asubuhi yuko majini.

Nilimwona. Nikanyamaza.

Jana wachaguzi walikuja kutoka Sumbawanga. Waliojitokeza kwa wanawake ni wawili tu: dada, na binti wa miaka kumi na tisa kutoka Usevya, naye mguu mmoja haufanyi kazi. Walikwenda sambamba hadi katikati. Hapo mkono wa kulia wa dada ukagoma. Binti alishafika na kujifunika khanga, dada bado anakuja kwa mkono mmoja, anakataa kuguswa na mtu.

"Nimeumia leo tu," akamwambia mchaguzi, huku anahema. "Wiki iliyopita nimeogelea kwa dakika moja kamili. Muulizeni mdogo wangu, ndiye anayenipima."

Binti alikuwa ametumia dakika moja na sekunde nane.

Mchaguzi akanigeukia. "Ni kweli, kijana?"

"Waambie, Deo," dada akasema.

Nikasema ukweli. Dakika moja na ishirini na nne.

Hakunipigia kelele. Aliomba magongo yake, akashindwa kushika la kulia. Nilimbeba mgongoni hadi kwenye gari la wachaguzi, wakatupeleka hospitali.

Daktari alisema bega limechanika ndani. Alitueleza kwamba bega lililobeba mwili juu ya gongo kwa miaka zaidi ya thelathini huzeeka kabla ya mwenyewe, na la dada lilikuwa limechoka hata kabla ya mazoezi. Kuogelea asahau. Gongo la kulia asilishike kwa miezi mingi, na huenda bega lisirudi kuwa kama zamani.

"Maumivu yalipoanza, mama, kwa nini hukupumzika?" daktari akamuuliza.

"Niliona kasi inaongezeka," dada akajibu. Hakunitaja.

Leo mchana ameniita chumbani. Akataka nimwandikie muda wake wa kweli, wa kila wiki. Nilikuwa naukumbuka wote. Nikaandika, nikampa karatasi. Akasoma polepole kwa kidole cha mkono wa kushoto, kikasimama kwenye mstari wa tatu, pale muda ulipoanza kupanda.

"Hapa," akasema. "Ungeniambia hapa, ningeacha."

Wiki ile bega lilikuwa bado zima.

Kisha akageukia ukutani. Kesho asubuhi atahitaji mtu wa kumwinua kitandani, na humu ndani tupo wawili tu. Nitaingia na uso gani?