Shule Isiyo na Ada

Richfield, Minnesota
Februari 1997

Kaka yangu Gregory,

Shikamoo kaka. Tumsifu Yesu Kristo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itawakuta nyote mna afya, na kwamba mama ameacha ubishi wake na anameza dawa za miguu kama alivyoagizwa. Wifi Rahab nampa pole kwa kufiwa na shangazi yake. Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu, ingawa nikisema ni mzima sana nitakuwa nakudanganya. Nimechoka, kaka. Theluji imetukalia tangu Novemba, na kusimama kituoni kungoja basi kumenifanya nisahau kama nina vidole.

Barua yako niliipata kabla ya Krismasi, nikakaa nayo. Najua umekasirika kwa ukimya wangu. Ulisema binti yako Imaculata amefaulu vizuri darasa la saba lakini hakupata nafasi sekondari ya serikali, shule za kulipia zimekushinda, na umesikia kwamba huku mtoto anasoma sekondari bila ada hata ya kalamu. Ukaomba nimchukue akae nami, kama shangazi Keziah alivyokuchukua wewe Arusha. Ukamalizia kwamba jibu unalijua, maana mimi si mtu wa kumnyima elimu mtoto wa kaka yake.

Uliyosikia ni kweli. Ada hakuna. Vitabu wanapewa, basi la njano linawafuata karibu na mlango. Rodney wangu alipoanza shule hapa niliona hata aibu, nikikumbuka mimi nilivyopelekwa sekondari Tabora kwa nauli ya waranti ya serikali, halafu leo watoto wenu wanarudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

Kazini kwangu Maplewood, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kuna bibi mmoja anaitwa Inga, amepita miaka tisini. Habari za leo zimemtoka kichwani, za zamani anazo zote. Kila nikimvika soksi ananisimulia sekondari ya mji wao. Anasema ilijengwa kwa matofali mekundu yeye akiwa mdogo, siku za vita ile ya kwanza, na serikali ikatangaza kwamba mtoto wa mkulima na mtoto wa daktari wote waingie bure. Naye akaingia. Mwaka wa pili mama yake akajifungua, akaugua, na baba yake akamwambia akae nyumbani wiki moja awaangalie wadogo zake. Hakurudi tena. Anasema hakuna aliyemfukuza, wiki iliongezeka tu. Mimi nilimcheka kimoyomoyo. Nikasema Wazungu hawa nao, walipewa cha bure wakakichezea. Kweli nyani haoni kundule.

Maana Mama Jedidah, yule Mkenya aliyekuwa akinishikia mwanangu mdogo Haika, alihamia Blaine mwezi wa tisa, na Blaine bila gari hakufikiki. Baba yao tangu aende Texas simwoni wala simsikii. Nikamwambia Rodney akae na mdogo wake siku chache mpaka nipate mtu. Wala sikuona kosa. Kwetu nafasi ya shule inapotea kwa ada, au mtoto akifeli, au binti akipata mimba. Nikajiuliza, shule isiyodai kitu itamfukuza kwa lipi? Ndivyo nilivyowaza, mtu mzima niliyemaliza kidato cha nne. Shule ilipopiga simu sikwenda. Nilijua mzazi huitwa mtoto akiharibu, na wangu hakuwa ameharibu kitu.

Novemba wakamfuta jina kwa utoro. Nilipokwenda hatimaye, mama wa ofisini aliniambia kwa upole kwamba nafasi ipo, arudi hata kesho yake. Lakini Rodney ana miaka kumi na saba, sheria haimlazimishi, na amekataa. Amepata kazi ya jioni ya kusafisha ndege hapa uwanjani, na mchana anakaa na Haika. Nikimsihi kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, ananiuliza akirudi shule nani atabaki na mtoto. Hata hasira hana, kaka. Ningefurahi angenigombeza.

Sasa nikwambie kilichonifanya ninyamaze. Siku niliyosoma barua yako nilifurahi mpaka nikakaa chini. Nikamwambia Rodney shida imekwisha, Imaculata anakuja, kwa hiyo yeye atarudi darasani. Akaniuliza, kwa Kiswahili safari hii, huyo Imaculata naye atasoma saa ngapi. Nilikuwa nimeshamwona binti yako anakoroga uji, anamvika Haika, anafua. Darasani sikuwa nimemwona hata mara moja. Wewe uliniandikia kuhusu mwanafunzi, mimi nikasoma habari za yaya, na nikamshukuru Mungu kwa hilo.

Kwa hiyo usimlete. Si kwamba simtaki. Namtaka mno, na ubaya uko hapo hapo. Mtafutie nafasi huko huko, hata kwa masista, na kama wifi atasema nimeota roho mbaya tangu nipande ndege, mwache aseme. Rodney nitaendelea kumsihi. Mama usimweleze habari zake, nitamwandikia mwenyewe nikipata nguvu. Msalimie sana, na majirani wote wanaoniulizia.

Imaculata akikuuliza kwa nini, usimfiche. Mwambie shangazi yake alijiangalia vizuri, akaona hafai.

Ni mimi mdogo wako,
Brigitha