Picha ya Maua Niliyoichana

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Nina miaka themanini na moja, nimewazika wapiga picha wote wa Igoma wa rika langu, na bibi yako pia. Mahindi yamestawi.

Unaniuliza kama kupiga picha za bustani huku unatikisa kamera makusudi ni ujinga. Zamani bibi yako alichukua kamera yangu, akaitikisa hivyohivyo akipiga maua yake. Picha ilipotoka nilicheka mbele ya wateja: "Huu ni uji! Mimi mkono hautetemeki!" Nikaichana.

Akasema, "Nilitaka upepo uonekane." Hakuigusa kamera tena.

Picha zako nimeziona. Upepo umo. Naona haya, mjukuu wangu.

Shahidi wa siku ile ni mdogo wa bibi yako, bibi Nyanzala wa Mkolani. Ndiye aliyeokota vile vipande.